Maneno Madogo ya Kicheki Si Pamba ya Kujazia

Wacheki huyaita maneno yanayoonekana kukaa katika sentensi bila kazi slovní vata, yaani pamba ya maneno. Jina hilo lina haki yake. Mzungumzaji anayetia prostě, vlastně na jako kila anapovuta pumzi, kama baadhi yetu tunavyotia "yaani" na "nini" na "unajua" mpaka hoja yenyewe inapotea, anastahili kuambiwa apunguze. Lakini kutokana na onyo hilo dogo imekua rai kubwa, na ndiyo ninayoipinga hapa: kwamba hata vijineno vinavyoingia katika swali la ndiyo au siyo, kama vile snad, copak, náhodou, prý, přece, vůbec, taky na jestlipak, ni pamba ileile. Ving'oe, husema wenye rai hii, na swali litabaki lilivyokuwa.

Rai hii haikuanza jana, wala haiko kwa Wacheki peke yao. Ng'ambo ya mpaka, Ludwig Reiners, ambaye vitabu vyake viliwafundisha Wajerumani wengi wa karne ya 20 namna ya kuandika, aliyafananisha maneno ya jamii hii na chawa. Mwaka 1969 Harald Weydt alitoa kitabu kizima juu ya vijineno vya Kijerumani na kuvifanya mada halali ya sarufi, lakini dharau ya zamani haikuondoka. Katika shule za Ucheki watoto hufundishwa kwamba lugha yao ina aina 10 za maneno. Vijineno, ambavyo huitwa částice, ni aina ya 9, na baada yake vimebaki vihisishi tu.

Niieleze rai hii kwa haki, maana wanaoishikilia wana hoja. Wanasema kwamba swali la ndiyo au siyo lina majibu mawili tu, na hakuna kijineno kinachoweza kuongeza jibu la tatu. Wanasema kwamba sarufi ya Kicheki haikudai kijineno chochote: Kipolandi kina czy, Kirusi kina li, lakini Mcheki hutanguliza kitenzi, akapandisha sauti, na swali limekamilika. Wanasema kwamba pale penye hisia, mshangao au shaka, sauti ya msemaji inatosha kuzionyesha. Wanasema pia kwamba mgeni anayejifunza Kicheki ana uambishaji wa nomino katika hali 7 na vitenzi vya jozi vya kumsumbua, kwa hiyo vijineno vimsubiri mwaka wa tatu. Na mwisho wanasema kwamba mfasiri au mkalimani anayeviacha hajapoteza kitu cha maana. Hoja hizi zikisimama pamoja zinatisha kidogo. Nizichukue moja baada ya nyingine.

1. Majibu mawili, maswali mengi

Hoja ya majibu mawili ina wazee wake. Mwanafalsafa wa Australia, Charles Hamblin, alishikilia mwaka 1958, na akalijenga zaidi wazo hilo mwaka 1973, kwamba kuijua maana ya swali ni kujua kauli zipi zinahesabika kuwa majibu yake. Lauri Karttunen alilirekebisha wazo hilo mwaka 1977. Ni kazi nzuri na bado inategemewa. Kosa ni la wanaolichukua wazo hilo na kutangaza kwamba hakuna kitu kingine ndani ya swali.

Fikiria ofisi isiyo na dirisha. Mtu ameketi ndani, mwenzake anaingia. Akiuliza Prší?, anataka tu kujua kama mvua inanyesha, na hana habari wala dalili. Mwenzake akiingia amelowa, swali linalofaa ni To prší?, ambalo sisi tungesema "Kumbe mvua inanyesha?" Kijineno to kinatangaza kwamba muulizaji ameona ushahidi sasa hivi na ushahidi huo umemshtua. Mwenzake akianza kutafuta mwavuli wakati muulizaji aliamini kumekauka, atasikia Copak prší? Hilo ndilo "Kwani mvua inanyesha?" la Kiswahili, lenye mshangao uleule na upinzani uleule ndani yake. Kama habari ya mvua imeletwa na mtu wa tatu, swali ni Prý prší?, "Eti mvua inanyesha?" Kama muulizaji ameanika nguo nje na anaogopa, atasema Snad neprší?, akitumaini jibu la hapana na akihofu la ndiyo. Na kama alishatabiri mvua asubuhi, akapingwa, na sasa anataka akubaliwe, ataanza na že: Že prší?

Maswali sita hayo yana majibu mawili tu, inanyesha au hainyeshi. Kwa hesabu ya wapinzani wangu ni swali moja lililovaa nguo sita. Lakini yabadilishane mahali uone. Mwambie Copak prší? mtu aliyeingia amelowa chapachapa, naye ataelewa kwamba unamtilia shaka. Mwulize To prší? aliyeingia mkavu, mikono mitupu, ataangalia nguo zake kutafuta ulichoona. Maswali ambayo hayawezi kubadilishana mahali hayana maana moja, na mtu anayeshikilia kwamba yana maana moja analazimika kusema kwamba kosa la kuyabadilisha si kosa la lugha. Tofauti hizo zinarudi kila siku, katika kila kinywa, kwa kanuni ambazo Mcheki aliyekulia katika lugha hiyo hazikosei. Sijui ni lugha gani inabaki ukishaliondoa humo jambo la namna hiyo.

Wataalamu wa maana walipochunguza jambo hili katika Kiingereza waliona hivyohivyo. Robert Ladd alionyesha mwaka 1981 kwamba swali la kukanusha lina maana mbili zinazotengana: katika moja muulizaji anapendekeza kwamba jambo lipo na anataka athibitishiwe, katika nyingine anakagua kama kweli halipo. Daniel Büring na Christine Gunlogson walirudi kwenye swali hilo mwaka 2000, na wakaonyesha kwamba ushahidi uliopo mbele ya wazungumzaji ndio unaoamua kama uulize kwa kukubali au kwa kukanusha. Maribel Romero na Chung-hye Han wakafuata mwaka 2004. Ila Kiingereza kinaficha sehemu kubwa ya tofauti hizo katika mpangilio wa maneno na katika sauti. Kicheki kinaziweka juu ya meza, kila moja na neno lake. Ndiyo maana inaniuma kuona wenye lugha hiyo wakiambiwa kwamba maneno hayo ni takataka.

2. Kinachoweza kuondolewa si lazima kiwe kitupu

Hoja ya pili ndiyo ninayoisikia zaidi: ukiondoa kijineno, sentensi bado inasimama. Ni kweli inasimama. Hata ukiondoa "jana" katika "alikuja jana", sentensi inasimama, na hakuna anayesema kwamba "jana" haina maana. Kipimo cha kuondoa kinapima kama neno ni la lazima kwa umbo la sentensi. Hakipimi kama lina kazi.

Kipimo cha haki ni cha kuongeza. Neno tupu kweli lingeingia popote bila kugombana na mtu. Sasa chukua náhodou. Kwa asili ni nomino náhoda, nasibu, katika umbo la kuonyesha njia, kwa hiyo ni "kwa nasibu". Mcheki anayehitaji chenji humwuliza rafiki yake Nemáš náhodou nějaké drobné? Neno kwa neno ni "Huna kwa nasibu chenji fulani?" Ombi hilo ni la upole kabisa. Kiambishi cha kukanusha ne- hapo hakikanushi kitu. Kimewekwa ili rafiki apate njia rahisi ya kusema hana, bila yeyote kuona haya. Sasa badilisha nějaké, "fulani", uweke žádné, neno linalotumika penye kukanusha kwa kweli, sawa na "yoyote" yetu katika "sina chenji yoyote". Nemáš žádné drobné? ni swali zuri, linalofaa pale unapomwona rafiki akijipapasa mifukoni bila kupata kitu. Lakini jaribu kuweka náhodou humo: Nemáš náhodou žádné drobné? Sikio la Mcheki linakataa. Náhodou linataka ukanushi ule wa upole, na žádné linataka ukanushi wa kweli. Hayawezi kukaa pamoja.

Hapa ndipo rai ya pamba inapojipinga yenyewe. Kama náhodou ni tupu, linagombana na žádné kwa sababu gani? Kitu kisicho na maana hakina cha kugombania. Kijineno hiki kina maana nyembamba na kali kiasi kwamba kinachagua aina ya ukanushi kitakaokaa nao, na ndicho kinachotuwezesha kutambua kwamba Kicheki kina ukanushi wa aina mbili ndani ya swali. Wanaisimu wanaoshughulikia maswali ya Kicheki hulitumia neno hilihili kama kipimo chao, kwa sababu linatenganisha aina hizo mbili. Na tazama linavyobadilika likitoka katika swali: Náhodou je to dobré! katika kauli ya kawaida ni kumjibu mtu aliyebeza chakula, "Mbona ni kizuri!" Neno lenye kazi mbili zilizotengana hivyo, kila moja na kanuni zake, limetuhumiwa utupu bila kuhojiwa.

Kuna ukinzani mwingine, na huu unawahusu walimu. Mwalimu anayesema darasani kwamba vijineno ni mapambo ndiye huyohuyo atakayeshtuka mwanafunzi akimwambia Copak máte čas? akikusudia kuuliza kwa adabu kama ana nafasi. Kwa maneno hayo mwanafunzi amesema "Kwani una nafasi wewe?" Mwalimu atamsahihisha haraka, pengine na uso umekunjamana. Sawa, amsahihishe; ila ajue kwamba kwa kumsahihisha ameikana rai yake. Pambo lisilo na maana haliwezi kumtukana mtu.

Ongeza vůbec, ambalo linaonekana dogo kuliko yote. Četl jsi to? ni "Umeisoma?" Četl jsi to vůbec? ni "Hivi umeisoma kweli?" Anayeulizwa swali la kwanza anaombwa habari, na anayeulizwa la pili ameshashtakiwa. Au taky, ambalo kwa kawaida ni "pia": mama akimwuliza mtoto A umyl sis taky ruce?, hataki tu kujua kama mikono imenawishwa, anamkumbusha kwamba ilipaswa kunawishwa na kwamba anashuku haikunawishwa. Mtoto huyo anajibu shutuma na swali kwa pamoja, na anajua kabisa kwamba ni mawili.

3. Sauti haifanyi kazi yote

Nitapita hapa kwa haraka, kwa sababu hoja yenyewe haina miguu mirefu. František Daneš alichapisha mwaka 1957 uchunguzi wake juu ya kiimbo na sentensi katika Kicheki sanifu, na tangu hapo hakuna anayebisha kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi kubwa katika swali la Kicheki. Lakini barua haina sauti, ujumbe wa simu hauna sauti, na hata fomu ya hospitali haina sauti. Mcheki anayeandika Přece nejdeš domů? ameeleweka kabisa bila kiimbo chochote: anapinga kuondoka kwa mwenzake na anamtaka akane. Kisha mpangilio wa maneno nao una sehemu yake. Přišel Petr?, kitenzi kikitangulia, ni swali lisiloegemea upande. Petr přišel?, kwa mpangilio wa kauli, mara nyingi huashiria kwamba muulizaji ameshadhani Petr amefika. Sauti, mpangilio na kijineno hufanya kazi bega kwa bega, na kazi ya kijineno haiishii pale sauti inapofika: hakuna namna ya kuimba inayoweza kusema prý, kwamba habari hii nimeisikia kwa mtu mwingine na sichukui dhamana yake.

4. Mgeni ndiye anayevihitaji mapema

Hoja ya kwamba mgeni asubiri inaonekana ya huruma, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo inayodhuru zaidi. Haijawagusa Wazungu peke yao. Kuanzia 1961 hadi 1974 Praha ilikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichoanzishwa mahsusi kwa wanafunzi wa kigeni, na vijana wengi wa Afrika walipita Czechoslovakia miaka hiyo. Ilibidi wajifunze Kicheki kwanza, ndipo waingie katika udaktari, uhandisi au kilimo. Mtu wa namna hiyo anaanza kuishi katika lugha siku ya kwanza. Duka halimsubiri amalize hali 7 za nomino.

Ukanushi ule wa upole ambao náhodou hukaa nao unamkuta mapema. Dukani anasikia jirani yake katika foleni akiuliza Nemáte droždí?, neno kwa neno "Hamna hamira?", na mwenye duka anampa hamira bila kukunja uso. Bwenini anaulizwa Nechceš kafe?, neno kwa neno "Hutaki kahawa?" Kama hakufundishwa kwamba ukanushi huu ni wa ukarimu, anaweza kudhani mwenyeji anatamani kusikia "sitaki". Atakataa kahawa aliyokuwa akiitaka, na mwenyeji atadhani mgeni wake ni mtu wa kujitenga. Hapo hakuna aliyekosea sarufi hata kidogo, na bado watu wawili wameachana vibaya kwa sababu ya silabi moja.

Kisha lipo jibu. Mtu akituuliza "Hujala?", wengi wetu hujibu "Ndiyo, sijala", tukikubaliana na swali jinsi lilivyoulizwa. Mcheki akiulizwa Ty jsi nejedl? na kama kweli hajala, kwa kawaida husema Ne, au hurudia kitenzi chenyewe, Nejedl. Mgeni kutoka Dodoma au Mombasa akijibu Ano, mwenyeji hatajua kama amekula au hajala. Jambo hili halifai kusubiri mwaka wa tatu. Linahusu chakula.

Na mwanafunzi anayezungumza Kiswahili anastahili kuambiwa kitu ambacho vitabu vya kozi vilivyoandikwa kwa wazungumzaji wa Kiingereza haviwezi kumwambia: vifaa hivi tayari anavyo. Prý se stěhuješ? ni "Eti unahama?", na shaka iliyomo katika "eti" imo pia katika prý, neno lililotokana na praví, "asema". Copak jsem ti to neříkal? ni "Kwani sikukuambia?" To už odcházíš? ni "Kumbe unaondoka?" Přece jsi říkal, že přijdeš? ni "Si ulisema utakuja?" Hata viď, kijineno kinachofunga swali kwa kuomba mwenzako akubali, kimetoka kwenye kitenzi cha kuona, kikiwa na maana ya "ona", na anayewaita watu kwa heshima husema viďte. Jestlipak lenyewe, kwa mzungumzaji wetu, ni njia ya kufungua swali kama "Hivi unajua", na Mcheki hulitumia zaidi anapojiuliza kwa sauti, anapompima mtoto au anapomchokoza rafiki. Sisemi kwamba kila jozi inalingana pembe zote. Nasema kwamba Mswahili anayesoma Kicheki kupitia kitabu cha Kiingereza anapelekwa mbali na nyumbani kwake ili afundishwe kwa shida jambo ambalo lugha yake ingemfundisha kwa siku moja.

Watu husema, "Mwache kwanza aulize maswali ya wazi, Máte čas?, Víte?, Rozumíte?" Si makosa. Lakini mtu anayeuliza maswali kumi mfululizo bila hata kijineno kimoja anasikika kama anajaza dodoso, na watu huanza kumjibu kama wanavyojibu dodoso, kwa neno moja. Anajikuta na msamiati mkubwa na mazungumzo mafupi, na hakuna aliyemweleza sababu.

5. Gharama inamwangukia anayejibu

Mpaka hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya adabu na urafiki. Hapana. Fika mahakamani.

Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Ucheki, namba 141 ya mwaka 1961, iliyorekebishwa mara nyingi tangu hapo, inakataza kumwuliza shahidi swali lenye mambo ya uongo au ya kupotosha, au lenye jambo ambalo lilipaswa kupatikana kwanza kutoka katika maelezo yake mwenyewe. Ni katazo la busara. Sasa chukua swali la mhojaji: Copak jste neviděl, že má nůž? "Kwani hukuona kwamba ana kisu?" Ndani yake kisu kimeshawekwa mkononi mwa mtu, na copak imeongeza shinikizo: mtu mwenye akili timamu angekiona, kwa nini wewe hukukiona? Shahidi aliyechoka, anayeogopa kuonekana mjinga au mwongo, atasema alikiona.

Halafu angalia kinachoandikwa. Katika kumbukumbu za mahojiano za Ucheki mara nyingi unakuta maneno K dotazu uvádím, že, "Kujibu swali, naeleza kwamba". Swali lenyewe limemezwa. Kinachobaki ni "naeleza kwamba niliona ana kisu", kana kwamba shahidi alijitolea kulisema. Na hata mwandishi angetaka kuliripoti swali hilo kwa namna isiyo ya moja kwa moja, sarufi isingemruhusu: baada ya "aliniuliza" Kicheki kinataka jestli au zda, "kama", na copak ya mshangao haiwezi kuingia hapo. Kwa hiyo chombo kilichomsukuma shahidi ndicho cha kwanza kupotea kwenye karatasi. Hakimu anayetakiwa kulinda katazo la sheria anasoma kumbukumbu ambamo uvunjaji wake hauonekani. Anayesema kijineno hakina uzito aeleze ni kitu gani basi kilichotoweka hapo.

Uchunguzi wa nguvu ya maneno madogo juu ya mashahidi upo, japo si wa Kicheki. Mwaka 1975 Elizabeth Loftus na Guido Zanni walionyesha watu filamu ya ajali ya gari, kisha wakawauliza kama waliona taa iliyovunjika. Baadhi waliulizwa kwa kijineno cha Kiingereza kinachochukulia kwamba taa hiyo ipo, wengine kwa kile kisichochukulia. Walioulizwa kwa cha kwanza walikuwa wepesi zaidi kusema waliona kitu ambacho hakikuwamo kwenye filamu. Kicheki hakina vijineno hivyo vya kutambulisha nomino, lakini kina kiashiria to, na Viděl jste to rozbité světlo? linafanya kazi ileile, la copak likiwa kali zaidi.

Hospitali ni hivyohivyo. John Heritage na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio lililofanywa na madaktari wa familia wa Marekani. Kundi moja la madaktari liliwauliza wagonjwa kama kuna jambo lingine, likitumia neno some, na jingine likauliza swali lilelile kwa neno any, ambalo kwa Kiingereza linaelekea upande wa kukanusha. Wagonjwa walikuwa wameandika matatizo yao kabla ya kuingia, kwa hiyo ilijulikana nani aliondoka bila kusema jambo alilokuja nalo. Swali lenye some lilipunguza matatizo hayo yasiyosemwa kwa asilimia 78. Swali lenye any halikusaidia kwa kiwango cha kuonekana. Yote mawili yalikuwa maswali ya ndiyo au siyo, yenye majibu mawili yaleyale, na tofauti ilikuwa neno moja dogo.

Sasa msikilize daktari wa Kicheki mwenye haraka. Anaweza kusema Alergie nějaké?, "Kuna mzio wowote?", au Alergie žádné?, "Mzio hakuna?" Ya pili imeshajijibu, na mgonjwa anayemheshimu daktari ataona vigumu kuivunja. Anaweza kuuliza Berete nějaké léky na srdce?, "Unatumia dawa za moyo?" Au anaweza kusema Snad neberete nějaké léky na srdce?, akimaanisha kwamba anatumaini hutumii na kwamba ukitumia utavuruga mpango wake. Mgonjwa anayetumia dawa hizo amewekewa mzigo: ili aseme ukweli lazima kwanza amkatishe tamaa mtu aliyeshika afya yake. Snad ndiyo iliyoweka mzigo huo. Madaktari wanaofundishwa maneno ya mwili kwa Kilatini wangeweza kutumia alasiri moja kujifunza wanachomfanyia mgonjwa kwa snad na žádné, na sioni sababu yoyote ya vyuo vya udaktari kutofundisha jambo hili.

Mahali ninapolia zaidi ni kwa mkalimani. Mkalimani aliyeaminishwa kwamba vijineno ni pamba ana njia mbili, na zote mbaya. Akiiacha snad, mgonjwa wa kigeni anasikia swali la wazi na anajibu kwa uhuru, jambo jema kwa siku hiyo, lakini daktari anadhani jibu limetolewa chini ya swali lake, na jibu likiwa refu au la kusitasita anaanza kumshuku mgonjwa. Akiiacha copak mbele ya polisi, shahidi haelewi kwa nini sauti ya mhojaji imekuwa kali wakati maneno anayotafsiriwa ni ya kawaida. Na mkalimani anayepitia Kiingereza, kama wengi wanavyolazimika pale ambapo hapatikani wa Kicheki na Kiswahili, anapoteza mara mbili, kwa sababu prý inayeyuka kwenye Kiingereza kabla ya kufika kwetu ambako "eti" ilikuwa ikiisubiri.

Mwenye rai ya pamba atasema hapa kwamba mkalimani mzuri hutafsiri nia wala si maneno. Nakubali. Na nia ya swali la Kicheki imeandikwa wapi kama si katika vijineno hivyo? Ukimwambia mkalimani afuate nia, na papo hapo ukamwambia vijineno havina maana, umemtuma dukani na kumnyang'anya fedha.

Kwa hiyo ninachodai ni mambo ya kufanyika ofisini. Swali la mhojaji liandikwe kwenye kumbukumbu kama lilivyotoka kinywani, pamoja na copak yake, ili hakimu alione. Kozi za Kicheki kwa wageni zianze na Nemáte na Nechceš katika wiki za mwanzo, pamoja na namna ya kuzijibu. Na mkalimani wa hospitali akisikia snad katika swali kuhusu dawa, asiimeze wala asiibuni upya. Amwambie daktari kwamba swali hilo limeegemea upande, amwombe aliulize tena bila snad, na ndipo amgeukie mgonjwa.